Moto wa Bluu Chini ya Friji

Mwezi wangu wa mwisho kazini niliitwa kwenda kuamua kama mwanamke aliyenifundisha kazi afungiwe mlango. Nawaandikia ninyi mnaobaki na mafriji ya chanjo ya Kibondo na Kasulu, na nilitaka kuanza na jambo la kuchekesha, lakini kila nikijaribu narudi hapo hapo. Basi nitaanzia mbali na kufika polepole. Mnaonijua mtakuwa mmeshahisi kwamba aya hii nimeiandika na kuifuta, nikaiandika tena. Ni mara ngapi, hiyo ni siri yangu.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kumchelewesha mtu.

Nilizaliwa Murungu, nikamaliza darasa la saba, nikapata kazi ya uhudumu katika zahanati moja ya kijijini. Nilifagia, nilichota maji, nilichemsha sindano, kwa sababu wakati ule sindano zilichemshwa na kutumika tena. Nilikuwa msichana mwenye woga. Giza halikunitisha, wala watu. Niliogopa kukosea. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungwa kweli. Nikifagia chumba, narudi kukagua pembe kana kwamba kuna mtu atanilaza rumande kwa sababu ya vumbi. Mama yangu alisema mume atakayenioa atachoka. Alichoka kidogo, lakini hakuondoka.

Siku ya kwanza nesi wa zahanati, Skolastika, ambaye sote tulimwita Sista Skola, alinishika mkono akanipeleka chumba kidogo cha nyuma. Hapo palikuwa na friji jeupe, refu, linalonuka mafuta ya taa. Sikuwahi kuona friji. Nilidhani ni kabati.

"Piga magoti," akaniambia.

"Tunasali, Sista?"

"Tunaangalia moto."

Akatoa mfukoni kioo kidogo, kile cha kina mama cha kujitazamia, akakisogeza sakafuni mpaka chini ya friji. Ndani ya kioo nikaona tangi la mafuta, utambi wa mviringo, na ndimi za moto zikicheza.

"Rangi gani?"

"Njano, Sista."

"Njano ni masizi. Masizi yanaziba bomba la moshi. Bomba likiziba, friji linapata joto, na chanjo zinakufa. Chanjo iliyokufa haibadiliki sura, mwana wanje, mwanangu. Unamchoma mtoto maji matupu, na mama yake anakushukuru, anakwenda nyumbani akijua mtoto amepona surua kabla haijaja. Sasa tutafute bluu."

Alikata utambi kwa wembe, akausawazisha kwa kidole. Moto ukabaki wa njano. Ilikuwa kiangazi, na ninyi mnaujua upepo wa kwetu huku milimani unavyoingia hata pale ambapo hujaona tundu. Sista akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakitundika dirishani, pembe zake akazikandamiza chini, kando ya miguu ya friji, hadi pasibaki upenyo. Ndimi zikatulia. Zikafanya duara dogo, safi, la bluu kama ua.

"Rangi gani?"

"Bluu, Sista."

"Haya. Waite akina mama."

Nikatoka barazani kuwaita, na kliniki ikaanza. Ikawa hivyo kila siku ya chanjo kwa miaka mingi: magoti, kioo, kitenge, rangi gani, waite akina mama. Niligundua jambo ambalo sikuwa nimelipata shuleni wala nyumbani. Ule woga wangu, uliomchosha kila mtu, hapa ulikuwa na kazi. Friji lilihitaji mtu wa kurudi kuangalia tena na tena, na mimi ningerudi hata nisipotumwa.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza Sista moto unawezaje kutengeneza baridi. Akafikiri sana.

"Sijui," akasema. "Mimi najua rangi."

Tulikuwa pia tunapeleka chanjo vijijini kwa miguu, kasha la barafu likiwa kichwani kwangu. Hapo ndipo nilipopata jina la Mama Barafu hata kabla sijawa mama wa mtu. Ninyi mliokuja kutoka mikoa mingine mmeshaona salamu zetu Waha zilivyo. Mtu hapiti. Anasimama, anapiga makofi taratibu, anainama, "Mwakeye," unaitikia, anakuuliza habari za nyumba, za shamba, za mgonjwa wa mwaka juzi. Na kila kofi moja mimi nilisikia barafu ikiyeyuka juu ya kichwa changu. Safari moja nikaanza kuitikia huku natembea. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, ili nisikie, kama yule msichana wa sindano anakimbia deni au anakimbia haja.

Sista aliniita pembeni. "Watu hawa wakikuona huna adabu hawatakuletea watoto. Chanjo itabaki na baridi yake safi, sisi tutarudi nayo nyumbani. Shusha kasha, weka kivulini, funika na majani ya mgomba. Kisha salimia hadi waishe."

Nikajifunza kusalimia hadi waishe. Barafu, iliyofunikwa majani ya mgomba, ilinivumilia kuliko nilivyodhani.

Kisha friji letu likafa. Moto ulikuwa bluu, utambi mpya, bomba safi, na bado ndani palikuwa na joto la chumbani. Nilikagua kila kitu, nikarudia. Sista akasema lipelekwe Kasulu kwa Mzee Shomari, mfanyabiashara mwenye asili ya Pangani aliyekuwa na duka la utambi, vioo vya chemni na majiko ya mafuta, na aliyetengeneza chochote kinachowaka. Lilipanda juu ya lori la maharage. Utingo, bila kuniuliza, akaligeuza miguu juu ili magunia yapate pa kuegemea. Nililia. Nilimwambia ameliua mara ya pili. Akasema, "Dada, maiti haiumii," akaenda kulala juu ya magunia. Barabara ile wakati huo ilikuwa na mawimbi kama ubao wa kufulia, na friji lilitikiswa kichwa chini hadi Kasulu.

Mzee Shomari alilisimamisha, akaliacha lipumzike, asubuhi yake akawasha moto. Nilipofika kuaga akaniita ndani, akanishika kiganja akakibandika ukutani mwa friji. Baridi.

"Binti, umeniletea mgonjwa au mgeni?"

"Lilikuwa linaumwa, Mzee. Wallahi lilikuwa linaumwa." Sikuwa Mwislamu, lakini sikutaka anione mwongo.

"Basi mganga ni yule utingo wa maharage. Mrudie umshukuru."

Alicheka, lakini mimi sikuweza kuliacha hivyo. Nyuma ya duka lake kulikuwa na friji bovu la siku nyingi. Nikamwomba nilifungue. Akasema fungua, ila mahali penye upepo. Sikuelewa kwa nini penye upepo mpaka nilipotoboa bomba la nyuma na harufu ikanipiga usoni kama zizi la mbuzi lililofungiwa mwaka mzima. Nilikimbia mpaka barabarani machozi yakinitoka, Mzee Shomari akinifuata na kata ya maji na kicheko. Lakini niliporudi, nilifuata mabomba kwa kidole kuanzia juu hadi chini, nikachora kila kona, na kwa maswali mengi kwa yeyote aliyeniruhusu kumsumbua nikaelewa: ndani ya mabomba kuna dawa. Moto unaifukuza kutoka kwenye maji yake, inapanda, inapoa, inashuka upande wa pili, na katika kushuka huko inabeba joto la ndani na kulitoa nje. Wakati mwingine inakwama. Ukilipindua friji, inakwamuka.

Hakuna aliyenifundisha hilo darasani, na kwa muda mrefu niliogopa kulisema mbele ya waliosoma, nisije nikachekwa. Baadaye fundi mmoja kutoka mkoani akaniambia, wala hakushangaa, kwamba hiyo inajulikana na imeandikwa kwenye vitabu vyao. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi kwamba nimefika mahali ambapo vitabu vilikuwa vimeshafika, ingawa mimi nilipitia njia ya maharage.

Nilimweleza Sista Skola jinsi moto unavyotengeneza baridi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama anayesikiliza mahubiri.

"Ego," akasema, ndiyo yetu ya Kiha. "Na rangi bado ni bluu?"

"Bado ni bluu."

"Haya."

Kuanzia hapo nikawa naitwa zahanati kwa zahanati kupindua mafriji. Fikirini wanaume wanne wakiinua kabati jeupe kichwa chini, na msichana mwembamba akiwaamuru waliache hivyo mpaka kesho. Mzee mmoja aliuliza kama friji limepagawa. Nikamjibu kwamba limekwama. Akasema basi hata yeye amekwama, tumpindue.

Wakimbizi walipokuja kwa wingi kupitia kwetu, kazi iligeuka. Watoto walisimama katika mistari ambayo mwisho wake sikuuona, na chanjo zilitoka mbali, zimepita mikono mingi na magari mengi. Niliposhika chupa, sikuwa na njia ya kujua safari yake. Huo ndio woga nilioujua kuliko mwingine wote: ule wa maji matupu. Chanjo zilizoganda, maana baridi kali nayo huziua, tulikuwa na namna ya kuzikamata. Sista alinifundisha kutikisa chupa mbili, moja ninayoishuku na moja niliyoigandisha kwa makusudi, kisha kuziweka dirishani na kutazama kama ya kwanza inatuama haraka kama ile iliyoganda. Lakini chupa iliyopata joto haikusema kitu.

Halafu zikaja chupa zenye alama. Mnazijua, kwenu zimekuwepo siku zote, ndiyo maana nataka mnisikilize hapa. Ni kiduara kidogo cha zambarau kwenye karatasi ya chupa, na ndani yake mraba mweupe. Chupa ikipata joto mraba unaingia rangi, na ukifanana na duara, chupa hiyo unaitupa. Basi. Mwalimu wa semina alieleza kwa muda mfupi na kuendelea na jambo lingine. Mimi nilikuwa nimeshika chupa, mraba mweupe kama jino la mtoto, nikaanza kulia mbele ya watu. Akaniuliza kama naumwa. Sikujua nimwambie nini. Kuna watu walikaa mahali fulani duniani, hawanijui, wakafikiria mwanamke wa Kibondo asiyeweza kulala kwa sababu chupa haisemi, wakaipa chupa mdomo.

Nilimpelekea Sista moja iliyokwisha. Akavaa miwani, akaigeuza geuza.

"Kwa hiyo sasa inasema yenyewe?"

"Inasema yenyewe."

Nilijua anawakumbuka watoto waliokufa kwa surua kabla sijaja, waliochomwa chanjo iliyokufa. "Ingekuja mapema," akasema, akanirudishia chupa.

Hivyo ndivyo nilivyoiona teknolojia maisha yangu yote. Wenzangu wa rika langu hupenda kusema zamani kulikuwa bora. Mimi siwezi. Kila mashine mpya iliyofika ilinipokonya woga mmoja, na nilizishukuru zote kama watu. Mafuta ya taa yalipoondoka nikapumua. Gesi ilikuja, haikuwa na masizi. Kisha sola, na hapo nilifanya kituko changu ambacho mafundi bado wanakisimulia. Walipomaliza kufunga friji la kwanza la sola, lile la kulala kama sanduku, wakaniita nilikague. Nikaingia, nikapiga magoti, nikatoa kioo mfukoni.

"Mama Barafu, unatafuta nini huko chini?"

"Moto."

Kijana akanyoosha kidole kwenye bati. "Moto wako uko juu."

Nikatoka nje nikatazama jua juu ya vile vibao vyeusi, na kwa mara ya kwanza nikaliona jua kama kitu ambacho hakihitaji kukatwa utambi.

Mwisho kikaja kile kifaa kidogo ndani ya friji kinachotuma meseji. Joto likitoka katika nyuzi zake, simu inalia. Mambo yakiwa sawa, asubuhi kinasema ni sawa. Nakiri, mwanzoni sikukiamini. Meseji inasema salama, mimi napanda pikipiki naenda kuhakikisha, nakuta salama, narudi na vumbi mpaka masikioni. Mume wangu akasema kifaa kimenunuliwa ili mimi nipumzike, na mimi nimekigeuza bosi wangu. Ilinichukua muda kukubali kwamba kitu kinaweza kuwa sawa bila mimi kukitazama.

Sista Skola alikuwa amestaafu zamani. Alikaa kwa mdogo wake, nyumba ya jirani kabisa na ile zahanati. Nilimtembelea kila nilipopita. Taratibu nikaona anaanza kupotea: ananiuliza habari za mama yangu aliyekwisha kufariki, anauliza tena kabla sijamaliza kujibu. Nilijiambia ni uzee.

Sasa nimefika.

Mwezi wangu wa mwisho, asubuhi, simu ikalia. Friji la zahanati ile ile, iliyonifundisha kazi, lilikuwa linapanda joto. Nilipofika, nesi wao alikuwa ameshahamisha chanjo zote kwenye kasha lenye barafu, amekagua kila chupa, miraba yote bado myeupe. Nesi huyo ni Esperance, mnamwita Espe; wazazi wake walikuja kutoka Burundi na yeye akazaliwa hapo hapo zahanati. Alifanya kila kitu kama ningefanya mimi, na haraka zaidi. Kisha akanionyesha kitenge, kimekunjwa vizuri mezani.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye matundu ya pembeni, Mama. Pale friji linapotolea joto. Kimekandamizwa mpaka ndani."

Nilikitambua kabla hajasema zaidi. Nilikaa.

"Mama Barafu, sikukupigia ili nimseme mtu."

"Sema tu, mwanangu."

"Ni bibi Skola. Leo si mara ya kwanza. Anaingia nikiwa na wagonjwa, anapiga magoti, anaziba. Nikimtoa mlangoni anakuja kwa dirishani. Mimi nampenda, jamani. Yeye ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, mama yangu hakuwa hata na nguo ya kunifunikia, akanifunika na kitenge chake. Lakini surua imesikika huko kambi ya wakimbizi, na kliniki imekaribia. Leo ningechelewa kidogo tungemwaga kila kitu."

"Unataka nini?"

"Kufuli. Na uamue wewe. Mimi akiniita mwana wanje nashindwa."

Sista alikuwa barazani, kwenye benchi ya akina mama, kiuno chake wazi bila kitenge, akisugua viganja. Nikapiga makofi, nikainama, nikamsalimia mpaka mwisho. Akanitazama sana.

"Wewe ndiye wa kufagia."

"Ndiye mimi, Sista."

"Umefagia?"

"Nimefagia."

"Na pembe?"

"Na pembe."

Akanivuta mkono, akashusha sauti. "Upepo ni mkali leo. Nimeziba, lakini moto siuoni. Nimepiga magoti, nimetazama, hakuna. Nani ameuzima?"

"Siku hizi hakuna moto, Sista. Ni jua. Friji linapoa kwa jua."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kisha uso wake ukabadilika.

"Hakuna moto," akasema. "Na watoto wanachomwa. Wanachomwa maji matupu, na nyinyi mnawaruhusu waende nyumbani."

Nilijaribu kueleza juu ya mraba na duara, juu ya meseji. Nikamtolea simu nikamwonyesha. Akaisukuma. Wenzangu, mimi nilikuwa nimepata mashine moja kwa kila woga. Yeye alikuwa amerudi mahali ambapo hakuna hata moja, yuko peke yake na friji lisilo na moto, na kila asubuhi anaamka akiamini watoto wa kijiji kizima hawana kinga.

Niliamua kama mtumishi. Nilimwambia Espe aweke kufuli na achomelee wavu dirishani. Nilipanda pikipiki bila kumuaga Sista vizuri, kwa sababu nisingeweza.

Espe alinipigia baadaye. "Mama, kufuli limefanya kazi. Friji liko sawa." Nikasikia sauti nyuma yake, kiganja kikigonga mbao, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa watu. "Hatoki mlangoni. Anasema tumfungulie, moto utazimika. Akina mama wanamtazama wanalia. Mama, njoo. Hili la kufuli mimi sitaliweza."

Sikuweza kulifungua. Nilifikiria kila namna ya kulifungua na katika kila namna niliona kitenge ndani ya yale matundu. Nilimfikiria Sista akiwa amekaa ndani na mtu wa kumlinda. Lakini Espe yuko peke yake kazini, hana mtu wa kumpa kazi hiyo. Nilifikiria dawa za usingizi na nikajionea haya. Nilizunguka nyumba mpaka mume wangu akaniuliza nimepoteza nini, nami nikajisikia nikimjibu, "Moto."

Nikasimama hapo hapo.

Kwenye stoo ya wilaya, nyuma ya vitanda vibovu, bado kulikuwa na tangi na kichomeo cha friji la zamani. Nikaomba nipewe, wakafurahi kupunguziwa takataka. Nikakisugua kwa msasa mpaka shaba ikaonekana. Lakini utambi haukuwepo. Nikaenda Kasulu. Duka la Mzee Shomari sasa ni la mwanawe, limejaa chaja, spika na taa za sola, lakini mzee mwenyewe bado anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, macho yamefifia.

"Utambi?" akasema aliponitambua kwa sauti. "Binti, hata koroboi zimestaafu."

"Na mimi nastaafu, Mzee."

Alimwita mwanawe, akamwelekeza kwa fimbo kwenye boksi chini ya kaunta, nyuma ya kava za simu. "Mpe wote. Hajawahi kuniletea kitu kilichokufa kweli."

Kazi niliiacha mwisho wa mwezi, kwa keki na hotuba. Hotuba zilikuwa fupi, keki ilitosha. Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda zahanati bila kuitwa na mtu, tangi limefungwa nyuma ya pikipiki. Barazani, upande ambao watoto hawafiki, nikapanga matofali, nikaweka tangi, nikaweka kichomeo, nikawasha. Espe alisimama mlangoni ameshika ufunguo. Nilimweleza mpango wangu: kila siku ya kliniki nitakuja nacho na kuondoka nacho, nitakizima mwenyewe, na nitarudi kuhakikisha kimezimika. Akacheka. Alijua nitarudi zaidi ya mara moja.

Sista alikuja kama kawaida yake, akielekea mlango wenye kufuli. Harufu ya mafuta ya taa ikamfikia kabla hajafika. Akasimama. Akageuka.

Alipiga magoti polepole, mkono begani kwangu, mimi nikapiga pamoja naye. Nikatoa kioo. Akina mama kwenye benchi waligeuka kutazama, wenye watoto wanaolia wakiwabembeleza.

"Rangi gani?"

"Njano, Sista."

"Kata utambi."

Nikakata kwa wembe. Akanipokonya, akausawazisha kwa kidole chake mwenyewe. Akili ilikuwa imesahau jina langu, lakini kidole hakikuwa kimesahau kitu. Moto ukabaki wa njano. Upepo ulikuwa unashuka mlimani. Akafungua kitenge kiunoni, akanipa pembe mbili, akashika mbili, tukakitandaza kati ya moto na kiangazi chote cha Kibondo.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Ilikuwa saa ya meseji ya friji. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kitenge. Espe alikuwa nayo meseji hiyo hiyo, kwenye simu yake, na yeye ndiye mwenye friji sasa. Sikuitoa. Niandikieni hilo mahali, ninyi mnaonijua.

Ndimi zikatulia, zikajikusanya, zikafanya duara.

"Rangi gani?"

"Bluu, Sista."

Aliangalia ndani ya kioo ili kuhakikisha, kisha akaangalia tena. Uso wake ukalegea, nao ulikuwa uso ule ule wa siku yangu ya kwanza.

"Haya," akasema. "Waite akina mama."

Espe, aliyekuwa akisubiri mlangoni na kasha lake, akawaita.